UZI: Picha za digrii 360 za Kibirizi na stesheni zinagandisha simu. Tunazibanaje bila kuua ubora?

MwishoWaReli (Kigoma)

Wakuu, mwakeye. Kuna kazi ya kutembeza wageni kwa miwani ya VR na kwa simu zao wenyewe: mwalo wa Kibirizi, stesheni ya reli, Ujiji pale kwenye makumbusho ya Livingstone, na ziwa lenyewe. Picha ni 36. Vipimo hivi hapa:

Kila picha imeungwa kwenye Hugin, programu ya kuunga panorama, 12000×6000, TIFF. Nikiitoa JPEG ya ubora 95 inakuja kati ya MB 25 na 30. Vifaa ni miwani ya Quest 2 mbili, halafu simu za wageni za kila aina, nyingine RAM ni GB 3 tu.

Simu zinaganda, au picha inakuja nyeusi tii. Nimeshusha ubora hadi 60, faili ikawa MB 6 hivi, simu zikaendelea kuganda vilevile. Na sasa anga juu ya ziwa limejaa ngazi ngazi. Nakosea wapi? Bando nalo liko kichwani: 36 × MB 6 ni MB 216, nani atakubali?

---

Unyanyembe (Tabora)

Mwangaluka mkuu. Unapigana na maadui wawili ukidhani ni mmoja.

JPEG inapunguza uzito wa safari tu. Picha ikishafika kwenye simu inafumuliwa yote, na chipu ya grafiki haijali ilikuja na MB 6 au 30. Piga hesabu: 12000 × 6000 ni pikseli milioni 72. Kila pikseli inakaa baiti 4. Hiyo ni MB 288. Programu ikitengeneza mipmapu, yaani zile nakala ndogo ndogo za tekscha (picha iliyopandishwa kwenye chipu ya grafiki) kwa ajili ya kutazama kwa mbali, ongeza theluthi: MB 384. Kwa picha MOJA. Ndiyo maana kushusha ubora hakukusaidia kitu kwenye kuganda.

Weusi ni jambo jingine. Kila chipu ina kikomo cha upana wa tekscha. Simu nyingi za sasa zinafika 8192 au zaidi, za zamani zinaishia 4096. Ukizidisha, tekscha haipandi, unaona giza. Kagua kwenye kivinjari hivi:

`gl.getParameter(gl.MAX_TEXTURE_SIZE)`

Kwenye iPhone kuna mtego wa pili: kanvasi ya Safari ina kikomo cha eneo, kwenye matoleo mengi pikseli 16,777,216, ambayo ni 4096×4096. Kama msimbo wako unapitisha picha kwenye kanvasi kabla ya kuipandisha, 8192×4096 inagonga ukuta hata kama chipu yenyewe ingeimudu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ubora, amua pikseli ngapi zinahitajika. Gawa upana kwa 360 upate pikseli kwa digrii:

4096 → 11.4
8192 → 22.8
12000 → 33.3

Quest 2 yenyewe inaonyesha takriban 20 kwa digrii, Quest 3 takriban 25. Simu iliyosimama wima yenye upana wa pikseli 1080, ukiipa uwanja wa kuona wa digrii 50, ni 21 na kidogo. 12000 yako ni maji ya ziada kwenye ndoo iliyojaa. Shuka 8192×4096. TIFF ibaki kabatini.

---

Asali_ya_Miombo

Mnazunguka bure. Weka 4096×2048, ubora 70, biashara imeisha. Mgeni hajui pikseli.

---

Mgebuka (Kigoma)

@Asali_ya_Miombo mgeni hajui pikseli ila anajua ukungu. 11.4 kwa digrii ndani ya miwani ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uwezo wa Quest 2. Ubao wa stesheni ukiwa mbali kidogo, jina KIGOMA linasomeka kwa kukisia.

Ila nusu ya hoja yako naichukua. 4096×2048 × baiti 4 ni kama MB 34, mzigo ambao simu ya RAM GB 3 inaubeba bila kuhema. Iwe toleo la akiba: kikomo cha chipu kikirudi 4096, mpe hiyo, wengine wape vigae, yaani picha iliyokatwa vipande vidogo.

---

Unyanyembe

Sasa tuje kwenye upotevu wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoacha pesa mezani.

Picha ya 2:1, upana mara mbili ya urefu kama yako, inakunjua tufe liwe mstatili. Ikweta inakaa sawa, lakini kadiri unavyopanda juu kila safu inavutwa ijaze upana uleule. Kwenye digrii 60 imevutwa mara 2, kwenye digrii 80 karibu mara 6. Safu ya juu kabisa yenye pikseli 8192 ni nukta moja tu angani! Eneo lote la mstatili ni π/2 ya eneo la tufe, yaani pikseli asilimia 57 zaidi ya zinazohitajika.

Tazama kwa namna nyingine. Mikanda miwili ya kutoka digrii 60 hadi nchani, juu na chini, ni theluthi ya safu zote za picha. Kwenye tufe ni asilimia 13 tu ya kinachoonekana. Theluthi ya pikseli inaenda kwa anga la utosini na miguu ya tripodi.

Kama lazima ubaki na faili moja ya 2:1, fanya hivi kwa ImageMagick, zana ya kuhariri picha kwa amri, kabla ya kubana: mkanda wa juu wa safu 672 upunguze upana nusu kisha uurudishe. Chini vivyo hivyo, kuanzia safu ya 3424.

`magick pano.png -crop 8192x672+0+0 +repage -resize 50%x100% -resize 200%x100% juu.png`
`magick pano.png -crop 8192x672+0+3424 +repage -resize 50%x100% -resize 200%x100% chini.png`
`magick pano.png juu.png -geometry +0+0 -composite chini.png -geometry +0+3424 -composite pano2.png`

Hupotezi kitu kinachoonekana, maana pikseli hizo zilikuwa zimerudufiwa tangu mwanzo. JPEG inapata mkanda laini, inatumia biti chache. Kwa nini 672 na si 683, ambayo ndiyo karibu moja ya sita kabisa? Kwa sababu 672 na 3424 zote zinagawanyika kwa 16, na JPEG ya 4:2:0, ile inayopunguza maelezo ya rangi, inafanya kazi kwa viboksi vya 16×16. Ukikata katikati ya kiboksi, mstari wa makutano unalipiwa biti zake.

---

Kuhe

Si ahamie kwenye mchemraba tu, yaani tufe lichorwe kwenye nyuso 6 za mraba? Nyuso 6 za 2048 ni pikseli milioni 25.2, 2:1 ya 8192 ni milioni 33.6. Robo imeokolewa.

---

Mgebuka

@Kuhe hiyo robo watu wanaipigia debe sana, na ni nusu ya ukweli.

Mchemraba wa kawaida una ugonjwa wake: katikati ya uso pikseli ni chache, pembeni zimejazana. Uso wa 2048 unakupa 17.9 kwa digrii katikati na 35.7 kwenye ukingo. Ile 2:1 ya 8192 ilikuwa na 22.8 kwenye upeo wa macho. Umeokoa robo kwa kunyang'anya pale pale mgeni anapotazama, ukajaza kwenye pembe ambako hatazami. Ukitaka katikati ibaki 22.8 uso uwe karibu 2608, na nyuso 6 za hivyo ni milioni 40.8. Akiba imegeuka hasara.

Faida ya kweli ya mchemraba ni vigae. Unaukata vipande vya 512×512 kwa ngazi kadhaa, na simu inavuta kile tu kinachotazamwa. Uso wa 2048 una ngazi tatu: vigae 16, 4 na 1. Jumlisha 21, zidisha kwa 6: faili 126. Kigae cha 512 kwa biti 1.5 kwa pikseli ni KB 48, kwa hiyo picha nzima ya kwanza, vigae 6 vya ngazi ya chini, ni kama KB 290, halafu inakolea polepole. Mgeni asiyeinama kutazama miguu yake halipii uso wa chini. Hapo ndipo bando linapopona.

Kuna dawa ya ule ugonjwa: mchemraba wa pembe sawa, ambao Google waliutangaza 2017 kwa ajili ya video za digrii 360. Badala ya kugawa uso kwa umbali sawa, unagawa kwa pembe sawa: u = (4/π) × atan(p), p ikitoka -1 hadi 1. Kwa 2048 unapata 22.8 katikati na pembeni vilevile, na robo yako ni ya halali. Kwenye sheda, ile programu ndogo inayoendeshwa na chipu ya grafiki, ni mstari mmoja:

`vec2 uv = 1.2732395 * atan(p);`

Ila Pannellum na Marzipano, programu za kuonyesha panorama kwenye wavuti, haziujui. Kwa hiyo wavuti tumia mchemraba wa kawaida wenye vigae, na programu yako mwenyewe ya Quest tumia pembe sawa.

---

MwishoWaReli

Nimeelewa, nilikuwa nakata mti usio wangu. Naomba amri za vigae basi. Na lile anga la ngazi ngazi?

---

Mgebuka

Pannellum ina hati ya Python, `generate.py`, inayotumia zana ya nona ya Hugin, na Hugin unayo tayari.

`python3 generate.py -o kibirizi -s 512 --cubesize 2048 -q 82 pano.png`

Usipoandika cubesize, inachagua yenyewe kwa kugawa upana kwa π ili isipoteze katikati. Kwa 8192 inatoka 2600. Sasa 2600 si zidisho la 512, inabaki masalia ya pikseli 40, na kila uso unapata msururu wa vigae vyembamba kama utepe. Kila utepe ni ombi moja zima kwa seva, na kwa mtandao wa kusuasua ombi ndilo linalochelewesha kuliko uzito wake. 2048 inakatika safi.

Kwa picha yenye maandishi muhimu, stesheni kwa mfano, weka 2560. Faili zitakuwa 234 na ngazi za kati zitakuwa na masalia, lakini katikati unapata 22.3 kwa digrii.

---

Unyanyembe

Kuhusu anga. JPEG inagawa picha viboksi vya 8×8, na kila kiboksi kinahifadhi wastani wake pamoja na mawimbi ya ndani. Kwa jedwali la kawaida la libjpeg, maktaba ya kubana JPEG, kwenye ubora 60 wastani wa mwanga unaruka kwa hatua ya 13. Thamani hiyo imezidishwa mara 8, kwa hiyo kwenye picha ni mruko wa rangi 1.6 hivi kati ya 256. Ndogo, ndiyo. Lakini anga juu ya Tanganyika saa za jioni linabadilika polepole kupita kiasi, mawimbi ya ndani yote yanafutwa, na kila kiboksi kinabaki bapa. Jicho ndani ya miwani linaona ngazi mara moja. Kwenye ubora 88 hatua ni 4, mruko ni nusu ya rangi, ngazi zinazama.

Sasa kinyume cha wanavyofikiri wengi: vigae vya anga vipe ubora wa JUU, 88 hata 90, kwa sababu ni bei poa. Havina mawimbi ya kulipia. Vigae vya Kibirizi ambako dagaa wameanikwa kwenye chanja, hivyo ndivyo vinavyokula biti. Kila dagaa ni mstari mwembamba wa fedha juu ya wavu, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na upande wake. Hapo shusha 74, kwa sababu vurugu yenyewe inaficha makosa. Usiweke kamwe ukubwa wa faili uliolingana kwa vigae vyote. Lenga mwonekano, ukubwa uachie uyumbe.

Tahadhari moja kwa kanga na vitenge. 4:2:0 inapunguza rangi hadi robo, mwanga inauacha. Nyekundu iliyokolea kando ya nyeupe inachuruzika. Vigae vya namna hiyo, kwa cjpeg ya MozJPEG inayosoma PNG:

`cjpeg -quality 80 -sample 1x1 kigae.png > kigae.jpg`

WebP ya kupoteza, aina nyingine ya faili ya picha, haina njia hiyo, ni 4:2:0 tu, ingawa `cwebp -sharp_yuv` inapunguza ukali wa tatizo. WebP pia inaishia pikseli 16383 kwa upande. Mtu akiwa na panorama ya 16384 anakwama kwa pikseli moja. Inachekesha mpaka ikukute.

AVIF, aina mpya zaidi ya faili, inashinda zote mbili kwenye anga ukiibana kwa biti 10:

`avifenc -d 10 -y 420 -q 60 -s 4 kigae.png kigae.avif`

Inafumuliwa polepole zaidi kwenye simu dhaifu, kwa hiyo JPEG iwepo kama mbadala.

---

Kuhe

Nimejaribu 2:1 ya JPEG, kuna mstari wima mwembamba nyuma ya mtazamaji, pale picha inapojiunga. Nini hicho?

---

Mgebuka

Mshono. Wachawi ni watatu, wakague kwa mpangilio huu.

Upana. Usipogawanyika kwa 16, JPEG inajaza kiboksi cha mwisho kwa pikseli za kubuni, na rangi ya kubuni inavuja upande wa kulia. 8192 iko salama.

Ukungu au kunoa picha. Ukifanya hivyo baada ya kuunga, programu haijui kwamba kulia na kushoto ni majirani. Kwenye ImageMagick tanguliza `-virtual-pixel HorizontalTile` kabla ya `-blur`. Ili kuuona mshono, usogeze katikati: `magick pano.png -roll +4096+0 angalia.png`.

Mipmapu. Kama sheda inakokotoa longitudo kwa atan kwa kila pikseli, thamani inaruka kutoka 1 hadi 0 kwenye mshono, chipu inadhani picha imesinyaa ghafla na inachota nakala ndogo kabisa. Unaona uzi wa kijivu wa pikseli moja au mbili. Picha yako haina kosa hapo. Zima mipmapu au tumia tufe la pembetatu lenye viwianishi vyake. Dalili ya huyu wa tatu: kwenye `-roll` huoni kitu, kwenye miwani unaona.

---

Asali_ya_Miombo

Haya, nimekaa chini nasikiliza. Ndani ya programu ya Quest, bila kivinjari, mnatumia JPEG pia?

---

Unyanyembe

Hapana. Pale tumia ASTC, aina ya ubanaji wa tekscha, inayobaki imebanwa hata ndani ya kumbukumbu ya grafiki. Kila kiboksi ni baiti 16, ukubwa wa kiboksi unachagua wewe. Nyuso 6 za 2048:

bila kubana: MiB 96
4×4: MiB 24
6×6: MiB 10.7
8×8: MiB 6

Mipmapu ni theluthi juu yake.

`astcenc-avx2 -cs uso_mbele.png uso_mbele.astc 6x6 -thorough`

Ni `-cs`, siyo `-cl`. Picha ya kamera iko sRGB, ukikosea, rangi zinapauka au zinakuwa nzito. 6×6 inatosha kwa msitu wa Gombe na kwa majengo. Anga la ziwa likionyesha viraka, uso wa juu peke yake upe 4×4. Ubaya wake: kwenye diski ASTC ni nzito kuliko JPEG. Kwa programu inayopakiwa mara moja kwa waya si tatizo, kwa bando ni tatizo.

Njia ya kati kwa wavuti ni KTX2, aina ya faili ya tekscha:

`toktx --t2 --cubemap --genmipmap --encode etc1s --clevel 4 --qlevel 200 ujiji.ktx2 px.png nx.png py.png ny.png pz.png nz.png`

Faili inasafiri nyepesi, ikifika inageuzwa kuwa umbo ambalo chipu ya simu hiyo inalijua.

Kwa AR, pale unapoweka kitu juu ya meza na unataka kiangazwe na mazingira ya Ujiji, usibebe panorama nzima. Ramani ya mwanga ya 512×256 inatosha kwa kung'aa, na mwanga laini unaingia kwenye namba 27: vizidishi 9 kwa kila rangi.

---

Kuhe

Mnapimaje kwamba ubora haujaanguka? PSNR yangu, kile kipimo cha tofauti na picha asili ambacho kikipanda ni vizuri, inapanda na picha inaonekana mbaya.

---

Unyanyembe

PSNR ya kawaida inahesabu ncha sawa na ikweta, kwa hiyo anga laini la juu linakupandishia alama. Pima kila safu kwa kosaini ya latitudo yake:

```
import numpy as np
from PIL import Image
a = np.asarray(Image.open("asili.png").convert("L"), float)
b = np.asarray(Image.open("iliyobanwa.png").convert("L"), float)
H, W = a.shape
w = np.cos((np.arange(H) + 0.5 - H/2) * np.pi / H)[:, None]
mse = (w * (a - b)**2).sum() / (w.sum() * W)
print(10 * np.log10(255**2 / mse))
```

Hiyo ndiyo WS-PSNR. Halafu toa mtazamo bapa uutazame kwa jicho, maana jicho ndilo mteja:

`ffmpeg -i pano.png -vf v360=e:flat:h_fov=90:v_fov=90:pitch=-60:w=1600:h=1600 -frames:v 1 chini.png`

---

MwishoWaReli

Vigae vya wavuti vimekubali, simu ya GB 3 inazunguka bila kukwama. Mawili yamebaki. Nikituma JPEG ya 2:1 kwa WhatsApp, upande wa pili inafunguka kama picha bapa. Na kwenye programu ya Quest ubao wa stesheni unasomeka kinyumenyume, halafu mawingu hayaungani na upeo.

---

Mgebuka

La kwanza: WhatsApp inapunguza picha na kufuta maelezo ya ndani yanayosema hii ni panorama. Tuma kama dokumenti. Kama maelezo yameshafutika, yarudishe:

`exiftool -ProjectionType=equirectangular -UsePanoramaViewer=true pano.jpg`

Baadhi ya programu za kubana nazo huyafuta, kwa hiyo hii iwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya cjpeg.

La pili: tekscha za mchemraba zinahesabu pande kana kwamba unautazama kwa nje, na mgeni wako yuko ndani. Geuza alama ya x ya mwelekeo kwenye sheda, KIGOMA itasomeka. Mpangilio wa nyuso ni kulia, kushoto, juu, chini, mbele, nyuma. Mawingu yasipoungana baada ya hapo, uso wa juu umezunguka: jaribu kuuzungusha digrii 180 kwanza, kisha 90. Wa chini una kosa hilohilo karibu kila mara, ila hutauona Kibirizi kwa sababu ya mchanga. Ujaribu kwenye picha ya stesheni, reli zikiingia chini ya miguu zikatokee upande wa pili bila kukatika.